Na mtoto mchanga barabarani: Mombasa, Tanga mpaka Bagamoyo

Watu wakisikia mnavuka boda na gari lenu na mtoto bado ananyonya, swali la kwanza ni kilomita ngapi, na hapo hapo mipango inaanza kuharibika, kwa sababu mtoto hana habari na kilomita, yeye anajua joto, njaa na kufungwa kwenye kiti muda mrefu, basi. Kwa hivyo hii safari ya kushuka pwani kutoka Mombasa mpaka Tanga na Bagamoyo ipange kwa masaa na kwa kivuli. Mtu mzima peke yake akiamka alfajiri anaweza kuimaliza siku moja. Na mtoto ifanye siku tatu: siku ya kwanza Mombasa mpaka Tanga, siku ya pili hamwendi popote, mnakaa Tanga mnapunga upepo, siku ya tatu ndo ile ndefu. Na kama mnatoka Nairobi msiunganishe, laleni Diani kwanza, tena ikiwezekana siku mbili.

Umri: chini ya miezi miwili mimi sishauri, na si kwa sababu ya barabara, ni kwamba homa yoyote ya umri ule ni ya kukimbizwa hospitali hapo hapo na huwezi kujua itakukuta wapi. Miezi minne mpaka minane ndo utamu wenyewe, shingo imekaza na bado hajaanza kutambaa, unapomuweka ndo unapomkuta. Akishajua kutembea ni safari nyingine kabisa hiyo.

Msimu nao uangalie. Masika, kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei, achana nayo, mvua ya pwani ikikukamata barabarani huoni hata boneti. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, bahari imetulia na picha zinatoka nzuri lakini lile joto na unyevu wake mtoto anajaa harara shingoni na kwapani halafu usiku halali, na asipolala yeye halali mtu. Juni mpaka Septemba kusi inavuma, hewa imepoa, mnalala. Mwani unajaa ufuoni na mawimbi yanachafuka kidogo, lakini mtoto wa miezi sita ana shida gani na mawimbi, si mpaka aende kuogelea.

Sasa makaratasi, na hapa usiende kwa kubahatisha. Kitambulisho chako cha Kenya kinakufikisha Uganda na Rwanda, Tanzania hakikufikishi, ni pasipoti. Na mtoto awe na yake mwenyewe. Maombi yanaanzia eCitizen, wanataka cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi, anza miezi miwili kabla kama unaweza kwa sababu foleni ya pasipoti wewe mwenyewe unaijua. Ikichelewa kabisa ulizia pale Uhamiaji kibali cha muda cha kusafiria Afrika Mashariki. Mzazi mmoja akisafiri bila mwenzake abebe barua ya idhini iliyopigwa muhuri wa wakili pamoja na kopi ya kitambulisho cha aliyebaki, pengine hakuna atakayeiuliza, lakini siku ikiulizwa hutaki kuwa umesimama hapo na mtoto analia unapiga simu nyumbani. Kopi ya cheti cha kuzaliwa pia, na kile kitabu cha kliniki, usikiache, kina chanjo zake zote na uzito wake na daktari yeyote wa upande wa pili anakisoma bila maelezo.

Halafu homa ya manjano. Tanzania inadai cheti kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo na Kenya imo, ila sharti lenyewe linaanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo haipewi mtoto wa chini ya miezi sita na kawaida huanzia miezi tisa, kwa hivyo kadogo kako kutokuwa na kadi si kosa. Wewe ndo uwe nayo, na uchanjwe mapema kwa sababu kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ukishapata ni ya maisha. Akiwa amefika miezi tisa, ongea na kliniki yenu mapema.

Gari linataka logbuku halisi, na kama jina ni la benki au la shemeji yako basi barua ya ruhusa kutoka kwa huyo mwenye jina. Bima yako ya kawaida inaishia boda, muombe wakala wako ile yelo kadi ya COMESA, Tanzania wanaikubali. Horohoro, yaani boda upande wa Tanzania, utapewa kibali cha muda cha gari, kina tarehe ya mwisho, isome kabla hujakiweka mfukoni. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzima moto ambao haujaisha muda, hivyo viwe mahali unapoweza kuvitoa bila kushusha mizigo yote.

Kiti cha mtoto sasa. Najua huku kwetu mtoto anapakatwa na mama pale mbele na hakuna anayeshangaa, lakini gari likifunga breki ghafla kwenye spidi 80 hakuna mikono ya binadamu inayomshika mtoto, hata mama awe na nguvu vipi. Kiti kikae nyuma, kikitazama nyuma, na usikiweke kamwe kwenye kiti cha mbele chenye eabegi. Mikanda ibane kiasi kidole kimoja tu kinapita mabegani. Ukinunua cha mtumba uliza kama kimewahi kupata ajali na tafuta tarehe iliyochapwa chini yake, plastiki huchoka na viti hivi vina mwisho. Usimuwekee mto au taulo nene mgongoni ati akae vizuri, mkanda unalegea na wewe huoni.

Na jua, hili hakuna anayelifikiria mpaka mtoto aanze kulia. Mtoto amekaa ametazama nyuma, sawa? Mombasa kwenda Tanga asubuhi mnashuka kusini, jua linaingia kushoto, kwa hivyo kiti kama hakitoshi katikati kiweke kulia, nyuma ya dereva. Lakini siku ya tatu, Tanga kwenda Segera (njia panda ya Moshi na Dar), barabara inaelekea magharibi, jua la asubuhi liko mgongoni kwenu, linapita kioo cha nyuma na kumpiga mtoto machoni moja kwa moja. Jioni hivyo hivyo mkitoka Msata kuelekea Bagamoyo, mashariki. Tafuta kile kivuli cha wavu cha kubandika kioo cha nyuma, dereva anaona na mtoto hachomeki. Usifunike kiti chenyewe kwa leso mtoto akiwa ndani, hewa haipiti na ndani kunakuwa tanuri. Leso ni ya kufunika kiti kitupu mkiegesha, ile buckle ya chuma ikipigwa na jua inaunguza paja.

Kila masaa mawili mtoe. Hata kama amelala, ndio, najua inauma kumuamsha, lakini kile kiti kinamkunja na mtoto mdogo kupumua akiwa amekunjika muda mrefu si kuzuri. Mlaze chali kwenye mkeka dakika 20, ageuke, anyonye, abadilishwe. Na asiachwe garini peke yake hata dakika mbili za kulipia mafuta. Gari lililozimwa juani linapanda karibu digrii 10 ndani ya dakika 10 tu, na kushusha kioo kidogo hakusaidii chochote.

Mzigo usiwe mkubwa sana, vitu vingi Tanga vinauzwa. Kisichokosa: pampasi za siku mbili na nyingine za akiba, waipsi, themosi kubwa ya maji ya moto, leso nne tano (hizi ni shuka, pazia, mbeleko, kivuli na taulo kwa wakati mmoja), neti ya mtoto ile ya kukunja, thamomita, dawa ya homa ya maji aliyoandikiwa na daktari kwa uzito wake, pakiti za ORS (ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha), beseni dogo la kuogea. Kigari kiache nyumbani, mchangani hakiendi na kwa ngazi za gesti ni adhabu. Pampasi zilizotumika tia kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha maji wenye zipu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019 na boda wanaangalia.

Haya, tokeni saa kumi na moja alfajiri. Anyonye, afungwe kitini akiwa bado na usingizi, atalala mpaka Ukunda. Feri ya Likoni na mtoto sitaki kuisikia kama kuna njia ya Dongo Kundu, foleni ikikwama umezima injini na AC na jua limeshatoka, wakati ile barabara mpya inakuzungusha na kukutoa upande wa pili hujasimama. Ukunda ni kituo cha kwanza, pana supamaketi na hapo ndo pa kuongeza kilichosahaulika, mbele yake ni maduka madogo. Kutoka hapo mnapita Msambweni, mashamba ya miwa ya Ramisi, barabara ni ya lami na nyepesi, na kufika Lunga Lunga, boda upande wa Kenya, hata saa tatu haijagonga vizuri. Kote ni kama kilomita 100 tu.

Boda yenyewe ni ya kituo kimoja, yaani mkienda hamshuki upande wa Kenya, mnaendesha moja kwa moja mpaka jengo la Horohoro na maafisa wa nchi zote mbili mnawakuta humo humo. Mkirudi ni kinyume chake. Gawaneni kazi: uhamiaji nendeni wote kwa sababu afisa anataka kumuona mtoto na kulinganisha na picha (ambayo haifanani naye tena, usijali, zote hazifanani, miezi mitatu mtoto ni mtu mwingine), kisha mmoja abaki na mtoto kivulini na mwingine ndo akahangaike na forodha ya gari. Salamu kwanza. Mkenya ana tabia ya kufika dirishani na shida yake mdomoni, kule unaanza na habari za asubuhi, za kazi, shikamoo kwa mzee, halafu ndo useme linalokuleta, na utaona foleni inavyokuwa fupi ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Wabadilisha pesa watawazunguka, shilingi ya Kenya inacheza kama 20 za Tanzania, angalia bei ya siku kwenye simu kabla hujatoka nyumbani na ubadilishe kidogo tu ya mafuta na chai, nyingine benki Tanga. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, hiyo pia ngoja mjini.

Horohoro mpaka Tanga ni kilomita 65. Mapango ya Amboni yako njiani, karibu kilomita 8 kabla ya mjini, ni mazuri ila ndani ni giza, popo, na mahali pa kuinama, kwa hivyo na mtoto ingieni kwa zamu au mpite tu.

Tanga naipendea hii kazi. Mji tambarare, barabara pana, baiskeli nyingi kuliko makelele, na upande wa Raskazone jioni upepo wa bahari unafika mpaka chumbani. Ukitafuta chumba usiulize kwanza bei, uliza neti kama haina matundu (na uikague kwa mkono, ya kwao ikiwa mbovu unafunga yako), feni inayofanya kazi, birika la maji moto, na chumba cha chini ili usipande ngazi na beseni. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko upande huo huo wa bahari, jueni njia yake siku mnayofika, si siku mnayoihitaji. Siku ya kupumzika fueni nguo, mtoto alale kitandani kwa kunyooka, mama ale. Namaanisha mama ale vizuri na anywe maji mengi, kwenye joto hili anayenyonyesha anakauka haraka, maziwa yanapungua na kila mtu anaanza kulaumu safari.

Chakula cha mtoto hakina shida pwani. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa tu, hata kukiwa na joto la namna gani hapewi maji, hapewi madafu, anyonyeshwe mara nyingi zaidi basi. Wa maziwa ya kopo, maji yachemke na yatumike yangali moto, angalau digrii 70, ndo yanaua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe, halafu unapoza chupa kwenye maji baridi. Yaliyokaa zaidi ya masaa mawili mwaga, usione uchungu. Aliyeanza kula, ndizi mbivu, parachichi, kiazi cha kuchemsha, samaki wa mvuke aliyechambuliwa miiba mara mbili, popote utapata, na ukimuomba mama ntilie akupikie kiazi bila chumvi atakupikia, tena atataka kumbeba mtoto wakati unakula. Mpe, ananawa mikono kwanza.

Siku ya tatu. Ramani itakuonyesha njia ya kufuata bahari, Pangani halafu Saadani mpaka Bagamoyo, na moyo utaitaka. Barabara hiyo imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, pana vumbi na pana matope, na kama una gari la chini na mtoto nyuma mimi naiacha, Pangani unaweza kwenda ukarudi Tanga siku hiyo hiyo kama hamu imezidi, si zaidi ya kilomita 50 hivi. Njia ya mtoto ni ya lami: Muheza, Segera, Msata, kisha Bagamoyo, zaidi ya kilomita 250, na ukiweka mapumziko ni siku nzima, kwa hivyo alfajiri tena.

Muheza mnapita machungwa yamepangwa kando ya barabara na milima ya Usambara iko kulia. Segera pinda kushoto, kulia ni Moshi. Kuanzia hapo ni malori na mabasi ya kwenda Dar na adabu ya barabara inapungua, usishindane na basi, lipishe liende. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki yuko chini ya mwembe na kamera yake, faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa, inalipwa kwa namba ya malipo na unapewa risiti. Mara nyingi kibao cha kumaliza 50 kiko mbali kuliko unavyodhani, ngoja ukione. Na mtoto nyuma hiyo 50 wala si hasara, matuta ni mengi na tuta likipitwa kwa spidi linamuamsha aliyelala kwa shida.

Simameni Segera, halafu mtafute kituo kingine kikubwa cha mafuta chenye mti na choo kabla ya Mto Wami. Daraja jipya la Wami limeondoa ile hofu ya zamani ya kupishana na lori pale kwenye wembamba. Msata kushoto, kilomita 64 mko Bagamoyo. Mkiona saa kumi na moja jioni imewakuta Mkata au Mbwewe, laleni hapo hapo hata kama gesti si ya kupiga picha. Usiku ile barabara ina malori yaliyoharibika bila taa, na hilo halina mjadala.

Bagamoyo bahari inaenda mbali. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku zile maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, mnaweza kutembea na kutembea na bado ni tope na mchanga, kwa hivyo muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi na umuogeshe mtoto saa hizo, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Dakika 10 za maji zinamtosha, kisha maji baridi ya kumtoa chumvi na leso kavu. Chini ya miezi sita hapakwi mafuta ya jua, kinga yake ni kivuli, kofia na nguo ya mikono mirefu nyepesi, na kumbuka mchanga mweupe unarudisha jua hata mkiwa chini ya mwavuli. Mkitaka kutembea, Misheni ya Kikatoliki iliyoanza 1868 ina miembe mikubwa na kivuli cha kutosha mtoto kulala mgongoni. Magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13 ni ya asubuhi mapema tu, kivuli ni kidogo.

Malaria msiichezee, njia yote hii ipo. Jua likizama mtoto ni mikono mirefu, soksi, ndani ya neti. Dawa ya mbu yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, na mkubwa wake usimpake mikononi kwa sababu mikono inaenda mdomoni. Habari ya vidonge vya kinga muulize daktari kabla ya kuondoka, vinapimwa kwa uzito. Homa ikifika 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni hospitali bila kusubiri asubuhi, kwa mkubwa kidogo mpime malaria siku hiyo hiyo, usiseme ni meno. Akiharisha ni ORS na kunyonya zaidi, na macho yakianza kuzama au pampasi ikikaa kavu masaa sita, twendeni hospitali. Bima yenu ya Kenya ulizeni kabla kama inalipa huko, nyingi hazilipi, wekeni pesa ya dharura kando.

Kurudi ni njia ile ile, ila jua limegeuka: asubuhi mkipanda kaskazini linaingia kulia, kiti hamisha kushoto. Na boda, mtu asiwe na haraka ya kufika nyumbani akapita dirisha la forodha bila kurudisha kile kibali cha muda cha gari, hakikisha kimefungwa na kugongwa muhuri, kikibaki wazi kwenye mfumo wao safari ijayo mtakaa Horohoro mchana kutwa.